UZI: Komedi nyeusi za Waingereza, kinachochekesha si maiti, ni adabu

Mleta mada

Wakuu salaam. Leo naomba tukae kwenye kona isiyo na watu wengi: komedi nyeusi za Waingereza. Nazungumzia zile muvi ambazo watu wanakufa mmoja baada ya mwingine, na wewe mtazamaji unajikuta umecheka, kisha unaangalia kushoto na kulia kama kuna aliyekusikia.

Onyo: nasimulia mpaka mwisho. Baadhi ya muvi hizi zina umri wa bibi zenu, kwa hiyo asinilaumu mtu kwamba nimemharibia uhondo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wa kupinga wapinge. Wengi wanadhani Waingereza wanacheka kifo. Siamini. Kifo kwenye muvi hizi kinapita haraka, mara nyingi hata hukioni. Kinachochekesha ni adabu inayoendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu kauawa, aliyemuua bado anasema samahani na tafadhali, bado anapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Ndani ya muvi hakuna anayecheka. Hakuna anayejua kwamba yumo kwenye komedi.

Mfano wangu mkubwa ni Kind Hearts and Coronets ya 1949, iliyotengenezwa na studio za Ealing, London, chini ya mwongozaji Robert Hamer. Stelingi anaitwa Louis Mazzini, kaigizwa na Dennis Price. Mama yake katoka ukoo wa makabaila wakubwa, akina D'Ascoyne, akatoroka na kuolewa na mwimbaji wa opera wa Kiitaliano. Ukoo ukamfuta. Mume akafariki, mama akamlea mtoto kwa shida, na alipokaribia kufa akaomba azikwe kwenye kaburi la ukoo wake. Wakakataa. Hapo ndipo Louis anapoamua: kati yake na cheo cha Duke wa Chalfont kuna watu kadhaa tu, basi watapungua.

Wanaopungua wote wanaigizwa na mtu mmoja. Alec Guinness kacheza watu wanane wa ukoo ule: kasisi, jenerali, admirali, mwanabenki, mpiga picha, hata bibi mmoja anayedai wanawake wapewe haki ya kupiga kura, ambaye anatunguliwa kwa mshale akiwa angani kwenye puto. Ukimwona wa kwanza unacheka kidogo. Ukifika wa tano, ile sura moja kwenye miili tofauti inaanza kukuambia kitu kuhusu koo za kikabaila ambacho hakuna mhubiri angekisema vizuri zaidi.

Sasa kuna tukio moja naomba mlitazame kwa makini. Kijana wa ukoo, Henry, anapenda kupiga picha, na anapenda pombe. Mkewe Edith hataki kuiona pombe nyumbani, kwa hiyo Henry huificha kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Louis anabadilisha mafuta ya taa kwenye taa ya chumba kile, anaweka petroli. Kisha anakaa bustanini na Edith, wanakunywa chai. Kamera imetulia. Wanaongea kwa upole, mambo ya maadili na tabia njema. Unasikia mlipuko, na nyuma yao, juu ya ukuta, moshi unapanda taratibu. Louis ameuona. Edith hajauona. Louis anaendelea na mazungumzo kwa sababu kumkatiza mwanamke akiwa anaongea ni utovu wa adabu.

Hakuna damu, hakuna ukelele. Ni moshi na kikombe cha chai. Mimi hapo nilicheka mpaka nikasimamisha muvi.

Na ngojeni wa kasisi. Ili amfikie, Louis anavaa kama askofu aliyetoka makoloni, Askofu wa Matabeleland, huko ambako leo ni Zimbabwe. Kasisi anamkaribisha chakula, anamwonyesha kanisa, anaongea bila kupumua. Louis anabuni mambo ya Matabeleland papo hapo na mwenyeji anayameza yote, maana hakuna mtu mezani pale anayejua lolote kuhusu Afrika. Kwetu sisi tukio lile lina ladha ya ziada. (Na niwatahadharishe: kuna wimbo wa watoto ndani ya muvi wenye neno la kututukana watu weusi, lile la zamani la Kiingereza. Kwenye nakala ya Marekani walilibadilisha. Mimi lilinikata kicheko kwa dakika kadhaa, sitawaficha.)

Kuna pia mnyongaji. Louis amehukumiwa na yuko gerezani, sasa ni Duke kamili, na mnyongaji amefika jioni akiwa na wasiwasi mkubwa. Wasiwasi wenyewe si wa kuua mtu. Hajui amsalimieje mtu wa cheo kile asubuhi. Anafanya mazoezi ya kutamka cheo. Tena kamba yenyewe ni ya hariri, kwa heshima ya kabaila, na mzee anasema baada ya kushika hariri hawezi kurudi kwenye kamba za kawaida, atastaafu.

Kumbukeni muvi hii imetoka Uingereza ikiwa bado inanyonga watu kweli. Wa mwisho kunyongwa kule ni mwaka 1964. Kwa hiyo aliyekaa ukumbini 1949 hakuwa anacheka jambo la kale. Ila ile kesi ya Louis mbele ya Baraza la Malodi, ambako kabaila anahukumiwa na makabaila wenzake, sheria yake ilifutwa 1948, mwaka mmoja tu kabla. Muvi ikaizika kwa heshima zote.

Karibuni.

Mchangiaji, Dar

Mkuu umeandika vizuri ila za nyeusi na nyeupe hizo nani ana muda? Taja za kizazi hiki. Halafu mimi hizi muvi za Waingereza naziona baridi. Dakika arobaini watu wanaongea tu.

Mleta mada

Ubaridi wake ndio utamu wake mkuu. Tumezoea muvi za kutafsiriwa pale kibanda umiza, mtafsiri anakwambia nani mbaya, nani anakufa sasa hivi, anacheka kabla yako. Komedi ya aina hii ukiiwekea sauti ya kuieleza umeiua. Inataka ukimya. Inataka wewe mwenyewe ugundue kwamba hili ni la kuchekesha, na ujione mbaya kidogo kwa kuligundua.

Za kizazi hiki zipo, nitazifikia. Ila kabla sijaondoka Ealing niweke The Ladykillers ya 1955, ya mwongozaji Alexander Mackendrick. Hii ina rangi, kwa hiyo kisingizio kimekwisha.

Majambazi watano wanapanga chumba kwa bibi mmoja karibu na stesheni ya King's Cross. Wanajidai ni wapiga fidla. Wanaweka sahani ya santuri, muziki wa Boccherini unapigwa, wao wanapanga wizi. Bibi kila mara anabisha hodi kuwauliza kama watakunywa chai. Wizi unafanikiwa, bibi anagundua, na hapo hapo marafiki zake, vibibi wenzake, wanafika kwa chai ya jioni. Majambazi wana maelfu ya pauni kwenye masanduku, wanatakiwa wakimbie, lakini hawawezi kuwaambia vibibi hapana. Tazama nyuso zao: jitu la miraba minne limeshika kikombe kidogo cha kaure kama limeshika yai, na anayesimamia karamu ni bibi mwembamba ambaye anaweza kuwafungisha wote.

Baadaye wanapiga kura kwa vijiti vya kiberiti nani akamuue. Hakuna anayeweza. Badala yake wanauana wenyewe kwa wenyewe, na maiti zinadondoshwa usiku kwenye mabehewa ya mizigo yanayopita chini. Bibi kalala usingizi kwenye kiti. Asubuhi anakwenda polisi kurudisha pesa, wanamwona kazeeka akili, wanamwambia akae nazo. Katie Johnson, aliyeicheza nafasi hiyo akiwa ameshapita miaka 75, akapewa tuzo ya chuo cha filamu cha Uingereza kama mwigizaji bora wa kike wa nchi hiyo.

Marekani wakaitengeneza upya 2004, Tom Hanks akiwa profesa, wakaipeleka Mississippi. Si mbaya. Lakini kule watu wana kelele, na penye kelele adabu haina pa kujificha.

Mchangiaji, Songea

Mleta mada unazungumza kama Waingereza ndio waligundua. Sisi Wangoni na watani zetu tumekuwa tukifanya haya misibani siku zote. Nimeona kwa macho yangu mtani kaingia kaburini, kalala, kasema hatoki mpaka apewe hela, mfiwa analia na anacheka hapo hapo. Mwingine kavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai madeni ya marehemu. Mama mjane alicheka mpaka akaomba maji. Hiyo si komedi nyeusi?

Mleta mada

Mkuu hapo umenigusa, na nadhani ndiyo maana muvi hizi hazinipi shida kuzielewa. Mtu aliyekulia kwenye misiba yenye watani hawezi kushtuka kuona kicheko kimekaa jirani na jeneza.

Ila tofauti naiona hivi. Mtani ana ruhusa. Kila aliyekaa kwenye turubai anajua huyu ni mtani, ana haki ya kufanya anayoyafanya, na mwakani akifiwa yeye utakwenda kulipiza. Kicheko kinatolewa hadharani, kinampumzisha mfiwa. Kwenye muvi za Waingereza hakuna aliyepewa ruhusa hiyo. Wote wamebana midomo. Kicheko hakina pa kutokea mle ndani, kinatokea kwako wewe uliyekaa nje.

Tazama Death at a Funeral ya 2007, ya Frank Oz. Muvi inaanza: jeneza limeletwa sebuleni, mtoto wa marehemu anasimama kwa heshima, kifuniko kinafunguliwa. Anatazama. Anatazama tena. Anauliza, huyu ni nani? Wameleta maiti ya mtu mwingine. Kwetu hapo pangewaka, wajomba wangevua mashati. Pale wenye jeneza wanaomba radhi, wanalifunga, wanaondoka nalo kwenda kuleta la kwake, na kijana anabaki kasimama na suti yake. Msiba mzima ni juhudi za mtu mmoja kuhakikisha shughuli inaonekana ya heshima, huku mgeni mmoja kameza dawa za kulevya bila kujua na yuko uchi juu ya paa.

Hii nayo Wamarekani waliirudia, 2010, na Chris Rock. Peter Dinklage yumo kwenye zote mbili, nafasi ile ile. Ukitaka kuelewa ninachosema, tazama zote mbili wikiendi moja.

Mchangiaji, Reading, Uingereza

Nimekaa huku miaka mingi, nathibitisha. Kazini kwetu mwenzetu mmoja alifariki ghafla. Tangazo lilikuja kwa barua pepe: aya ya kwanza masikitiko, aya ya pili wanaomba radhi kwa usumbufu wa mabadiliko ya zamu. Mimi peke yangu ndiye niliyeliona la ajabu. Wenzangu waliliona la kiungwana.

Muvi iliyonifungua macho ni A Fish Called Wanda ya 1988. Pale John Cleese, wakili, anamwambia yule mwanamke wa Kimarekani jinsi ilivyo kuwa Mwingereza: unaishi kwa hofu ya kufanya kosa, hata kumuuliza mtu kama ameoa unaogopa, isije ikawa mkewe kamwacha asubuhi hiyo. Anamaliza kwa kusema ndiyo maana tumekufa namna hii. Tangu nilipoisikia hotuba ile naishi na majirani zangu kwa amani.

Na yule Ken, mpenda wanyama, ametumwa amuue bibi aliye shahidi wa wizi. Kila akijaribu anaua kijibwa cha bibi badala ya bibi. Vijibwa vitatu. Anakwenda mpaka mazishini, analia kwa uchungu wa kweli.

Mleta mada

Na mwongozaji wa muvi hiyo, Charles Crichton, ni mzee wa Ealing yule yule. Ndiye aliyeongoza The Lavender Hill Mob ya 1951. Kwa hiyo ni mkono ule ule.

Mchangiaji, Nairobi

Nimefuata uzi kutoka juu, nimefurahia. Lakini kuna moja mtu ataitaja hivi karibuni na nataka niseme kabla: Four Lions. Niliiacha katikati. Vijana wanapanga kulipua watu na mimi nicheke? Sisi tulizika watu 213 hapa Nairobi Agosti 1998, na nyinyi huko Dar mkazika 11. Ikaja Westgate, ikaja Garissa. Kuna mambo hayana upande wa kuchekesha, hata ukiyavalisha adabu ya Mwingereza.

Mleta mada

Ndugu yangu, sitakulazimisha, na sidhani kama mtu ana haki ya kukuambia ucheke. Nieleze tu naionaje.

Chris Morris aliitoa 2010. London ilikuwa imelipuliwa 7 Julai 2005, watu 52 wakafa, na watatu kati ya wale walipuaji wanne walitoka West Yorkshire. Muvi imewekwa Sheffield, jirani kabisa na huko. Hakuchukua jambo la mbali. Alitumia miaka akisoma na kuongea na watu wanaoyajua mambo haya kabla ya kuandika, na alichokikuta ni kwamba wapangaji wengi ni watu wa kawaida, wagomvi, wasiojua wanachofanya. Mmoja kwenye muvi anamfundisha kunguru kubeba bomu. Mwingine, Mzungu aliyesilimu, anataka walipue msikiti ili waumini wakasirike. Stelingi mwenyewe, Omar, kambini Pakistani anashika bomba la roketi kinyumenyume na kuwalipua wenzake.

Kinachonitisha ni nyumbani kwake. Omar ana mke mpole, ana mtoto, ana kazi. Usiku anamsimulia mtoto hadithi ya Simba, ile ya katuni, ila amegeuza vita ya Simba kuwa jihadi yake. Anasimulia kwa upole wa baba yeyote. Mke anamsikiliza na kumtia moyo kama mume anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Tukio lile halina mzaha hata mmoja, na nadhani ndilo kali kuliko yote. Na mwishoni, kijana wao mnyonge kuliko wote, Waj, kafungiwa kwenye duka la kebabu haelewi tena kwa nini yuko pale, hapo sikucheka. Sidhani kama Morris alitaka ucheke.

Wanaochekwa ni wapangaji. Waliokufa hawachekwi.

Mchangiaji, Nairobi

Nimekusoma. Labda siku nikiwa peke yangu nitaijaribu tena. Sijaahidi kucheka.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi naleta The Death of Stalin, 2017, ya Armando Iannucci. Hiyo haihusu Uingereza lakini wameigiza kwa lafudhi zao wenyewe, jenerali Zhukov anaongea kama muuza samaki wa Yorkshire. Kuna pale mwanzo Stalin apiga simu redioni ataka santuri ya tamasha alilolisikia sasa hivi. Hawakulirekodi! Basi milango yafungwa, watu waokotwa barabarani wajaze viti ili sauti iwe sawa, kondakta wa okestra azirai, waenda kumtoa mwengine kitandani usiku, naye adhani amekuja kukamatwa. Aongoza muziki na nguo za kulalia. Yote hayo kwa adabu kabisa.

Mleta mada

Umeniwahi. Mimi katika hiyo nimebaki na Khrushchev, mmoja wa wakubwa waliomzunguka Stalin, anaporudi nyumbani usiku amelewa, mkewe kakaa na karatasi, na yeye anamwamuru aandike mzaha upi ulimchekesha Stalin leo na upi haukumchekesha. Wa kwanza urudiwe, wa pili usitajwe tena. Anayeishi karibu na mkubwa yeyote, hata mkubwa wa idara tu, anaijua karatasi ile.

Halafu Stalin yuko sakafuni kwenye mkojo wake, mawaziri wamemzunguka, wanajadili waite daktari gani. Madaktari wazuri wote wameshakamatwa kwa kutaka kumdhuru. Wanafanya kikao juu ya maiti, au nusu maiti, na mmoja anasisitiza lazima akidi itimie. Serikali ya Urusi iliizuia Januari 2018, siku chache kabla haijaanza kuonyeshwa.

Na kwa aliyetaka za kizazi hiki: In Bruges ya 2008, ya Martin McDonagh. Wengi wanaikumbuka kwa matusi. Mimi naikumbuka ngazi za hoteli. Ralph Fiennes amekuja kumuua Colin Farrell, bastola mkononi, na mwenye hoteli, mwanamke mjamzito, amesimama kati yao na amekataa kuondoka. Basi wauaji wawili wanaanza kupanga kwa sauti: wewe utaruka dirishani kwenye mfereji, mimi nitazunguka nje, tuhesabu pamoja. Wanakubaliana kama watu wanaopanga foleni ya benki. Mjamzito hapaswi kusumbuliwa.

Mchangiaji, Dar

Haya mkuu, jana nimekaa nimeitazama ile ya 1949 yote, na nakubali moshi nyuma ya chai ni balaa. Swali langu ni mwisho. Louis alinyongwa au hakunyongwa? Rafiki yangu anasema alikamatwa, mimi sikuona hivyo.

Mleta mada

Wote mko sawa, mmeangalia nakala tofauti.

Louis amehukumiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha, yaani cha mume wa Sibella, mpenzi wake wa tangu utotoni; mume huyo alijiua mwenyewe. Yale aliyoyafanya kweli hakuna ayajuaye, ila yeye mwenyewe ameyaandika yote gerezani kwa mwandiko mzuri usiku wa mwisho. Asubuhi barua ya marehemu inapatikana, anaachiwa. Anatoka getini, magari mawili ya farasi yanamsubiri, Edith kwenye moja na Sibella kwenye jingine. Wakati bado anatafakari apande lipi, mwandishi wa gazeti anamsogelea na kumuuliza kwa unyenyekevu kama gazeti lao linaweza kuchapisha kumbukumbu zake. Louis anakumbuka zimebaki mezani selo. Muvi ya Uingereza inaishia hapo hapo, hujui atazifikia au atatanguliwa.

Marekani wakati ule walikuwa na kanuni za maadili za Hollywood, mwuaji haruhusiwi kubaki na faida ya uuaji wake. Kwa hiyo wakaongezewa sekunde chache za kuonyesha zile karatasi zimeangukia mikononi mwa wakubwa wa gereza. Ukiona hivyo mwambie rafiki yako atafute nakala nyingine, hiyo aliyonayo si ya Hamer.